Chumvi Kitovuni

Siku ya kumi na tisa niliacha kuhesabu siku,
nikahesabu vitambaa:
kumi na vinane kambani, vingine bado vinachuruzika,
maana mvua ya Mpondwe haiombi ruhusa.

Kwetu jina ni hesabu.
Baluku wa kwanza. Bwambale wa pili.
Masereka wa tatu, yeye tulimrudisha udongoni
kwa ugonjwa huuhuu, tumbo la maji,
mwaka ule mto ulipokula bustani zetu za kahawa.
Thembo yuko shuleni.
Na huyu ni Mbusa, wa tano, miezi kumi na mmoja,
macho yamejificha ndani ya fuvu
kama watu waliosikia risasi ng'ambo.

Muuguzi wa Bwera alinipa vidonge vya zinki
na pakiti za maji ya chumvi na sukari.
Kijiko, pumzika, kijiko, alisema,
usiache hata akitapika.
Sikuacha.
Kuhara kukapungua, kukarudi,
kukapungua, kukarudi,
kama mdai anayejua tarehe ya mshahara.

Mama mkwe: ni meno.
Jirani: ni jicho.
Mume wangu, kwa simu, kutoka Kasindi:
nenda kwa yule mama Mchina, nyuma ya duka la majem—
salio likakatika hapo.

Kiswahili chake Bi Luo kilitoka Lubumbashi,
changu ni cha sokoni;
tukakutana katikati
kama wachuuzi wawili wanaoamini mizani tu.
Anakojoa? Anakojoa.
Damu iko? Hapana.
Dawa ya hospitali unampa? Nampa.
Basi endelea kumpa. Mimi sipokonyi mtu kazi.

Akamlaza juu ya leso yangu.
Akakijaza kitovu chake chumvi,
chumvi ya Katwe, hiihii yetu,
ya watu wanaosimama ziwani hadi kiunoni
mpaka ngozi isahau jina lake.
Juu ya chumvi, kipande cha tangawizi chenye matundu.
Juu ya tangawizi, kichuguu cha majani yaliyosagwa,
laini kama sufi.
Akakiwasha kwa njiti ya udi.

Ni nini hicho?
Pakanga.
Nikacheka, sikuweza kujizuia.
Pakanga ya Biblia, uchungu wa manabii,
imesafiri kutoka Uchina
kuja kupasha tumbo la Mkonzo!

Moshi ulinuka kama shamba lililochomwa na mtu mwangalifu.
Mbusa hakulia. Aliutazama.
Nami nilitazama vidole vya Bi Luo,
viwili, vimelala juu ya ngozi ya mwanangu,
karibu na moto kuliko nilivyothubutu mimi.
Unajiunguza, nilimwambia.
Akasema: mtoto hajui kusema basi.
Vidole vyangu vinamsemea.

Na wewe, una mtoto?
Mmoja. Tumbo lake lilikuwa hivihivi. Nilimfanyia hivihivi.
Akapona?
Ana miaka thelathini, alisema, akipuliza jivu.
Hapigi simu.

Nilikwenda siku sita.
Siku ya saba nilifungua kitambaa
nikaita majirani waje waone mavi,
mavi ya kweli, yenye umbo, ya rangi ya uji wa mtama,
na hakuna aliyeniona mwendawazimu.

Kilichomponya sikijui.
Zinki ilikuwa imetimiza siku zake.
Kijiko hakikulala.
Muuguzi aliandika kwenye kadi neno moja, ameongezeka,
na kadi haina mstari wa moshi.
Sikubishana naye. Sikubishana na Bi Luo pia,
aliyekataa pesa akachukua kahawa, debe nusu.

Ila usiku, nikimfunika Mbusa,
vidole vyangu viwili huenda vyenyewe tumboni kwake,
vikasikiliza.
Masereka hakupata kijiko wala moshi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nilimnyima maji nikidhani yatazidisha maji.
Hilo sijui nilipeleke kwa nani.

Kambani leo kuna vitambaa vitatu,
shuka,
na sare ya Thembo, kifungo kimoja hakipo.